Visikizi na Maikrofoni Yake

Magazeti huandika «vipokea sauti vya masikioni». Maelezo hayo ni sahihi lakini ni marefu, tena huchanganya vile vitiwavyo tunduni mwa sikio na vile vivaliwavyo kichwani. Hapa twatumia visikizi. Mchezaji wa michezo ya kompyuta, akaaye navyo saa nyingi, yampasa kutofautisha visikizi vya kukalia, vilaliavyo sikio lenyewe, na vya kufunika, ambavyo mito yake hulizunguka sikio lote. Vya kukalia hugandamiza gegedu hata likauma, hasa kwa mwenye miwani. Vya kufunika hutia joto, na mito ya kitambaa hupunguza adha hiyo kuliko ya ngozi bandia.

Ugumu hasa uko kwenye kijiti cha mbele ya mdomo. Wengi hukiita kipaza sauti, jina lile lile la spika, ingawa hakipazi chochote: hugeuza sauti kuwa umeme. Mwenye duka akiombwa visikizi «vyenye kipaza sauti» aweza, bila hila, kutoa visivyo na cha kusemea, na mnunuzi akarudi nyumbani bubu. Kwa maoni yetu maikrofoni latosha, maana limekwisha kuzoeleka. Kinasa sauti kiachiwe chombo kihifadhicho sauti.