Michael Jordan Yupi?

Ukitaja Michael Jordan, wengi watamfikiria nyota wa mpira wa kikapu aliyezaliwa mwaka 1963 na kutwaa mataji sita ya NBA akiwa na Chicago Bulls kati ya 1991 na 1998. Lakini yupo Michael I. Jordan, aliyezaliwa 1956, profesa aliyefundisha Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na gwiji wa taaluma ya kuziwezesha kompyuta kujifunza kutokana na data. Yupo pia mwigizaji Michael B. Jordan, mzaliwa wa 1987, aliyecheza kama Killmonger katika filamu ya Black Panther ya mwaka 2018.

Msomaji hawachanganyi wajina hawa kwa sababu anaelewa habari anayoisoma. Kompyuta huona mfuatano uleule wa herufi. Itambueje anayezungumziwa?

Hulitambua jina kwa maneno yaliyolizunguka. Palipo na "kocha", "ligi" na "ubingwa", anayetajwa huenda ni mchezaji. Palipo na "data", "takwimu" na "uwezekano", huenda ni profesa.

Mbinu mojawapo ya kuyapanga maneno hayo imetokana na profesa huyohuyo. Mwaka 2003, yeye pamoja na David Blei na Andrew Ng walichapisha makala kuhusu mbinu ya LDA. Mbinu hiyo huchukulia kwamba kila andiko ni mchanganyiko wa mada kadhaa, na kila mada ina maneno yake yanayopendelea kutokea pamoja. Hakuna anayeiambia kompyuta kuwa hii ni michezo na ile ni sayansi. Huanza kwa kukisia, kisha hurekebisha makisio yake tena na tena hadi mada zijitenge.

Ugumu huja pale wajina wanapokuwa wa fani moja. Wanakemia wawili wenye jina moja huandika kwa msamiati uleule, na mada haziwezi kuwatenganisha. Ndiyo maana tangu 2012 watafiti wanaweza kujisajili katika mfumo wa utambulisho uitwao ORCID na kupewa namba ya kudumu yenye alama 16. Alama ya mwisho hukokotolewa kutokana na 15 zilizotangulia, hivyo ukikosea tarakimu moja, mfumo hugundua. Kwa namba hiyo, kila mtafiti huhesabiwa kazi zake mwenyewe, hata kama wajina wake wamejaa maabara nzima.