Acheni Kuisingizia NVARCHAR

Swali ni lile lile, liulizwe na kijana aliyemaliza chuo juzi au na fundi wa mifumo aliyezeekea kazini: "Mkuu, nimeweka NVARCHAR ya MAX, mbona SQL Server inakata maandishi yangu kwenye herufi 4,000?"

Haikati. Kigeu cha MAX hubeba hadi gigabaiti 2. Kinachokata ni amri ya PRINT. Ikipewa VARCHAR huonyesha herufi 8,000. Ikipewa NVARCHAR huonyesha 4,000. Zinazobaki haizionyeshi, wala haitoi ujumbe wowote wa kosa.

Hapa Mwanza swali hili huletwa sana na ripoti za samaki. Mkubwa anataka kila mwalo uwe na safu yake: Kirumba, Igombe, Kayenze, Nansio. Mialo huongezeka, kwa hiyo prosija hujitungia yenyewe amri ya SQL. Safu moja ya SUM na CASE, pamoja na jina la mwalo, hula herufi 65 hivi. Mialo 70 ikishaingia, umevuka 4,500. Unaichapisha kwa PRINT uikague, inaishia katikati ya jina, na lawama zinaanza.

Hapo ndipo inapoletwa ile "dawa" inayorithishwa ofisi kwa ofisi: gawa maandishi katika vigeu vitano au sita vya herufi 4,000 kila kimoja, kisha viunganishe ndani ya EXEC. Ilikuwa na maana enzi za SQL Server 2000, kwa sababu MAX haikuwepo. Ilikuja na toleo la 2005. Kuiandika dawa hiyo leo ni kutibu ugonjwa usiokuwepo na kuleta mwingine mbaya zaidi. EXEC ya vipande haipokei parameta kama sp_executesql, kwa hiyo tarehe na majina yote unayabandika ndani ya amri yenyewe. Siku mtumiaji akichagua Wilaya ya Nyang'hwale, ile alama ya ng' inafunga maandishi kabla ya wakati na ripoti inaanguka. Na hapo una bahati. Mwenye nia mbaya hupitia mlango huo huo kufuta jedwali zima. Umehatarisha kanzidata ya watu kwa sababu ya kitu ulichoshindwa kukiona kwenye skrini!

Kipimo ni mstari mmoja: chapisha LEN ya kigeu chako. Ikisema 9,100, herufi zako zipo. Ikiwa mwishoni kuna nafasi tupu, LEN haizihesabu. Tumia DATALENGTH, ugawe kwa mbili kama ni NVARCHAR.

LEN ikigota 4,000 kamili, kosa ni lako. Umeunganisha vipande ambavyo hakuna hata kimoja cha MAX, na jibu limekatwa kabla halijaingia kwenye kigeu. Anza na kipande kilichogeuzwa kwa CAST kuwa MAX, basi.

Sasa namna ya kuyaona maandishi yote. Moja, zungusha SUBSTRING na PRINT kwa mafungu yasiyozidi herufi 4,000, ukikata panapoishia mstari, kwa sababu kila PRINT huanza mstari mpya na itapasua jina. Mbili, yatoe kwa SELECT yenye FOR XML, ukitumia processing-instruction ili alama kama < zisigeuzwe kuwa <, kisha ubofye jibu lifunguke. Tatu, yahifadhi kwenye jedwali la kumbukumbu, au yatoe kwenye faili kwa bcp. RAISERROR usiiguse kwa kazi hii, ukomo wake ni herufi 2,047. Walio kwenye Oracle, DBMS_OUTPUT hukubali baiti 32,767 kwa mstari; CLOB ndefu nayo ikateni mafungu.

Kabla hujagusa hata mstari mmoja wa prosija, pima urefu kwanza. Anayevunja amri nzima vipande bila kupima hafai kuachiwa kanzidata yenye malipo ya wavuvi.