Baga ya samaki isiyomtenga mwenye kisukari

Jumamosi jioni katika nyumba nyingi za mjini Meru na Embu, mezani huwa na vyakula vya aina mbili. Watoto wanakula baga na chipsi zilizonunuliwa mjini. Kando yao ameketi shosho, ambaye ana ugonjwa wa kisukari, na sahani yake ya sukuma wiki na kipande cha ugali. Hakuna aliyemfukuza, lakini chakula kimemtenga na wajukuu wake. Si ajabu kwamba wagonjwa wengi huchoshwa na masharti ya daktari baada ya miezi michache, wakarudia kula ovyo.

Dawa ya upweke huu ni kupika chakula kimoja ambacho watu wote nyumbani wanaweza kukila. Baga ya samaki ni mojawapo.

Ubaya wa baga ya mjini

Baga yenyewe si sumu. Ubaya umo katika vitu vinavyoandamana nayo. Mkate mweupe hutengenezwa kwa unga uliokobolewa, na unga huo hugeuka kuwa sukari katika damu kwa haraka. Kipande kimoja cha mkate wa kawaida kina takriban gramu 15 za wanga. Ongeza chipsi, tomato sosi yenye sukari na chupa ya soda ya mililita 300, ambayo ina takriban gramu 30 za sukari, yaani kama vijiko sita vya chai. Kongosho la mgonjwa haliwezi kumudu mzigo huo.

Samaki hana wanga. Gramu 100 za nyama ya samaki zina takriban gramu 20 za protini, na ngege, ambaye wengi humwita tilapia, ana mafuta kidogo. Protini humshibisha mlaji na haipandishi sukari ghafla. Hata hivyo, msomaji asidanganyike: samaki haponyi kisukari. Anachofanya ni kuchukua nafasi ya vyakula vinavyodhuru.

Samaki hatoki pwani pekee

Wazee wengi wa eneo la Mlima Kenya hawakulelewa kwa samaki, na wapo ambao hadi leo hawataki kumwona akiwa na kichwa na macho kwenye sahani. Hapa ndipo baga inaposaidia, kwa sababu nyama imetolewa miiba, ikapondwa na kutiwa viungo. Watu wa pwani wamekula hivyo tangu zamani katika kababu na katlesi za samaki.

Wala si lazima kungoja samaki wa Mombasa. Mabwawa ya Mto Tana yaliyo upande wa Mbeere, kama vile Masinga na Kamburu, huvuliwa ngege na kambare. Tena, mwaka 2009 serikali ilianzisha mpango wa kuchochea uchumi ambao ulichimba vidimbwi 200 vya samaki katika kila mojawapo ya maeneo bunge 140, na wakulima wa Meru na Embu walikuwa miongoni mwa walionufaika.

Ukinunua samaki mzima, tazama macho yake yawe maangavu na mashavu yawe mekundu ndani. Bonyeza nyama kwa kidole. Ikibaki na shimo, mwachie muuzaji samaki wake.

Mahitaji (baga 6)

Nyama ya ngege au kambare isiyo na miiba, nusu kilo (samaki mzima wa kilo 1 na nusu hivi)
Ndengu zilizochemshwa zikaiva, nusu kikombe
Unga wa wimbi, vijiko 3 vya mezani
Yai 1
Kitunguu 1 na pilipili hoho 1, vikatwe vidogo vidogo
Vitunguu saumu punje 3 na kipande cha tangawizi, vipondwe
Dhania fungu 1
Limau 1
Pilipili manga kiasi
Chumvi nusu kijiko cha chai
Mafuta ya kupikia vijiko 2 vya mezani

Jinsi ya kutayarisha

Kamulia samaki nusu ya limau, kisha mpike kwa mvuke au maji kidogo kwa dakika 10 hivi, mpaka nyama iwe nyeupe na iachane kwa urahisi. Mwache apoe. Mchambue kwa vidole, polepole, ukitafuta miiba. Usiharakishe kazi hii, hasa kama kuna watoto au wazee watakaokula.

Kamua maji yaliyobaki kwenye nyama. Ponda ndengu, uzichanganye na samaki, yai, unga wa wimbi na viungo vyote. Ndengu na wimbi hushikanisha baga badala ya unga mweupe au chenga za mkate, na zina nyuzinyuzi ambazo hupunguza kasi ya sukari kuingia katika damu. Mchanganyiko ukiwa mwepesi, ongeza kijiko kimoja cha unga.

Gawanya mara 6, utengeneze maandazi bapa yenye unene wa kidole, na uyaweke mahali pa baridi kwa nusu saa ili yasivunjike. Pakaza mafuta kwenye kikaango, usiyamimine. Pika kila upande dakika 4 au 5 kwa moto wa wastani mpaka iwe rangi ya kahawia. Kila baga itakuwa na chini ya gramu 10 za wanga.

Kama huna friji, pika na ule siku hiyo hiyo.

Namna ya kuandaa

Watoto wanaweza kula kwa mkate wa ngano nzima. Mwenye kisukari atumie kipande kimoja tu cha mkate huo, au afunge baga yake kwa jani la kabeji lililopashwa moto. Badala ya tomato sosi, ponda avokado pamoja na nyanya, dhania na ile nusu ya limau iliyobaki. Nusu ya sahani iwe mboga. Nduma na viazi ni vyakula vizuri, lakini ni wanga pia. Ukila nduma, acha mkate. Kinywaji kiwe maji au chai isiyo na sukari.

Tahadhari

Mgonjwa anayetumia insulini au vidonge vinavyoteremsha sukari asipunguze wanga ghafla bila kumwarifu daktari. Sukari inaweza kushuka chini ya 4, na dalili zake ni kutetemeka, jasho, njaa kali na kuchanganyikiwa. Mtu huyo, ikiwa bado anaweza kumeza, apewe mara moja vijiko vitatu vya chai vya sukari katika maji, kisha apimwe tena baada ya dakika 15. Akizimia, asinyweshwe chochote. Apelekwe hospitalini haraka. Naye aliye na ugonjwa wa figo aulize kwanza kiasi cha protini kinachomfaa.

Aliye na kipimo nyumbani apime sukari kabla ya kula na saa mbili baadaye. Kwa watu wazima wengi, kipimo cha pili kinapaswa kuwa chini ya 10. Andika matokeo katika daftari na ulibebe unapokwenda kliniki, iwe ni hospitali kuu ya Meru, ya Embu au kituo kilicho karibu nawe. Daftari hilo litamwonyesha daktari jinsi chakula hiki kinavyoupokea mwili wako, kwa maana miili haifanani.

Kisha Jumamosi ijayo, weka sahani moja kubwa katikati ya meza. Shosho achukue baga yake pale pale wanapochukua wajukuu.