WATOTO WANGAPI DARASANI?

Litajwapo jina la Bagamoyo, fikra za wengi hukimbilia pwani. Lakini ipo pia Bagamoyo ya nyanda za juu, mojawapo ya kata za mji wa Tukuyu wilayani Rungwe, katika nchi ya mvua nyingi, migomba na chai. Huko, kama kwingineko nchini, kila shule ya msingi hupeleka takwimu zake wilayani: wanafunzi kadhaa, walimu kadhaa. Takwimu hizo zikigawanywa hutoa wastani, na wastani huo hutegemewa katika kugawa walimu na vifaa. Hapana budi basi kuuliza wastani huo unaeleza nini, na unaficha nini.

Mawimbi matatu

Idadi ya wanafunzi Tanzania haikukua kidogo kidogo kama mti. Ilipanda kwa mawimbi. Wimbi la kwanza lilitokana na Azimio la Musoma la Novemba 1974, lililotaka elimu ya msingi kwa wote ifikiwe mwaka 1977. Wanafunzi waliokuwa kiasi cha milioni 1.2 mwaka 1974 walikaribia milioni 3 mwaka 1978, na vijana waliomaliza darasa la saba wakafunzwa ualimu ili kuziba pengo. La pili lilifuata kufutwa kwa ada chini ya Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, ulioanza mwaka 2002: kutoka kiasi cha milioni 4.4 mwaka 2000 hadi milioni 7.5 mwaka 2005. La tatu lilikuja mwaka 2016, elimu ya msingi ilipotangazwa kuwa bila malipo.

Gharama inapopungua, hawaji watoto wa miaka saba pekee. Huja pia wa miaka tisa na kumi waliokuwa wamebaki nyumbani, na rika kadhaa huingia darasa la kwanza kwa pamoja. Kundi hilo kubwa hupanda ngazi mwaka hadi mwaka: walioanza mwaka 2002 walitazamiwa kufika darasa la saba mwaka 2008, na walioanza 2016 mwaka 2022. Nyuma yao darasa la kwanza huweza kupungua, si kwa kuwa wazazi wamechoka na shule, bali kwa kuwa wimbi limepita.

Wastani na chumba

Tuchukue shule ya mfano yenye walimu saba na vyumba saba, kimoja kwa kila darasa. Kuanzia la kwanza hadi la saba wamo watoto 120, 90, 60, 50, 40, 30 na 30. Jumla ni 420, na wastani ni 60 kwa kila mwalimu. Lakini madarasa mawili ya mwanzo yana watoto 210, yaani nusu ya shule nzima. Kwa hiyo nusu ya wanafunzi wanasoma katika vyumba vyenye watoto 90 au zaidi, ilhali taarifa inasema 60. Na walio katika vyumba hivyo ndio wanaojifunza kusoma, kuandika na kuhesabu.

Je, kupungua kutoka 120 hadi 30 ni wimbi au ni watoto kupotea njiani? Hesabu ya mwaka mmoja haiwezi kujibu. Lazima kundi lilelile lifuatwe. Ikiwa darasa la kwanza la 120 litakuwa la pili lenye 117 mwaka unaofuata, hilo ni wimbi. Likiwa na 90, ni lazima kuuliza 30 wako wapi: wamehama, wamerudia darasa, au wameacha shule?

Rungwe inatoa sababu zaidi ya kuuliza hivyo. Sensa ya 2002 ilihesabu wilayani humo watu 307,270, na ya 2012 watu 339,157. Hilo ni ongezeko la takriban asilimia 10, wakati taifa zima liliongezeka kwa takriban asilimia 30. Mwenye kupanga vyumba vya Tukuyu kwa kiwango cha taifa atakosea.

Udogo wa darasa na faida yake

Uchunguzi ulioanza mwaka 1985 katika jimbo la Tennessee, Marekani, ulionyesha kwamba watoto wa miaka ya mwanzo waliowekwa katika madarasa ya 13 hadi 17 walijifunza zaidi ya wenzao wa madarasa ya 22 hadi 25. Magharibi ya Kenya, shule zilizoongezewa mwalimu mwaka 2005 zilipunguza madarasa kwa karibu nusu, lakini faida ilitegemea pia bidii ya mwalimu na namna ya kufundisha. Chumba chenye nafasi ni sharti, si dawa pekee.

Kwa hiyo kamati ya shule isiridhike na wastani. Iandike idadi ya kila darasa, mwaka baada ya mwaka, katika ukurasa mmoja, na kufuata kila kundi kwa mshazari. Kazi hiyo haihitaji mashine wala fedha, ila daftari la mahudhurio na kalamu. Na pale mwalimu mmoja wa ziada anapopatikana, ukurasa huo utaonyesha apelekwe wapi. Aghalabu itakuwa ni darasa la kwanza.