Ng'ombe na Safari ya Malisho

Wasikilizaji wetu, huko Uswisi ng'ombe hupandishwa milimani wakati wa joto, nao huteremshwa kabla ya theluji. Kwetu Usukumani, tangu Mwanza hata Shinyanga, safari huongozwa na mvua. Mvua ikinyesha, ng'ombe hulisha juu penye mchanga, maana mbuga zimejaa maji na tope. Mavuno yakiisha hula mabua mashambani, kisha huteremkia mbugani na ufukoni mwa Ziwa.

Faida yake ni kuyapumzisha majani. Kwa sababu hiyo wazee waliweka ngitili, yaani malisho yafungwayo wakati wa mvua, yasiguswe mpaka kiangazi kikolee. Katika miaka ya 1970 watu walihamishiwa vijijini, ngitili nyingi zikaachwa, na ardhi ikabaki tupu. Mwaka 1986 ilianzishwa kazi ya Hifadhi Ardhi Shinyanga; wanavijiji wakazifunga tena, majani na miti ikarudi.

Basi yatupasa kukumbuka ya kuwa ngitili haina ukuta ila ahadi ya watu. Mchungaji mmoja akiivunja mwezi wa Machi, ng'ombe wa jirani zake wote watalala njaa mwezi wa Septemba.