Kutatizika, Kuchanganyikiwa na Kubabaika

Maneno yatajayo akili iliyokosa utulivu ni mengi katika Kiswahili, na mara nyingi huelezwa moja kwa jingine, kana kwamba yote ni mamoja. Hayawi mamoja. Ili kuyapambanua, yafaa kuuliza kila neno lauweka wapi huo mkanganyo.

Kutatizika kwahusiana na tata, hali ya uzi uliojifunga wenyewe kwa wenyewe. Fundo limo katika jambo, wala si katika akili ya mtu. Hakimu mwenye busara aweza kutatizwa na kesi, na heshima yake isipungue.

Kuchanganyikiwa ni kinyume chake. Kitenzi hiki kimejengwa kama kufiwa: mwenye kutajwa si mtenda, bali ndiye aliyepatwa. Kama vile afiwaye si yeye aliyekufa, hapa pia kilichochanganyika ni akili zake. Kwa hiyo neno hili lafika mbali, tangu msafiri asiyejua tena ashike njia ipi, hata mwenye wazimu.

Kubabaika huonekana kinywani: maneno hukatika, hurudiwa, wala hayafuatani. Kuduwaa huonekana katika kimya: mtu husimama akikodoa macho, asiseme neno. Kuhangaika ni kwenda huku na huku bila kutulia. Mzazi aweza kuhangaika akimtafutia mwanawe dawa, na akili zake ni timamu kabisa.

Maneno yenye asili ya Kiarabu hayana budi kupimwa kwa matumizi yake ya Kiswahili. Kitenzi kilichozaa taharuki maana yake kwa Kiarabu ni kusogea. Kwetu ni kushikwa na wasiwasi wa ghafula. Kilichozaa tahayari maana yake ni kukosa la kufanya. Kwetu ni kuona aibu, na yaelekea neno haya, ingawa shina lake ni jingine, limelivuta upande wake.

Tofauti hizi zina uzito nje ya kamusi. Shahidi akikatikiwa na maneno barazani kwa hofu, mkalimani asemaye kuwa amechanganyikiwa ameutia ila ushahidi wote; kumbe alibabaika tu. Mtunga kamusi, basi, asitosheke kuandika neno mbele ya neno. Aonyeshe kama taabu imo katika jambo, katika akili, kinywani au miguuni.