Nyonga ikiuma kila mechi, usikimbilie kuchua

KWENYE ndondo za Shinyanga, Kahama na Geita, mchezaji akishika kinena jibu la benchi ni moja: "Huyo msuli umevuta." Atachuliwa, atapigwa sindano ya ganzi, kisha anarudi kupiga mpira.

Mara nyingi ni msuli kweli, na mapumziko yanatosha. Ila wapo vijana ambao shida yao iko kwenye mfupa. Wamekua na kikombe cha nyonga kilicho kifupi, hakifuniki vizuri kichwa cha mfupa wa paja. Uzito wote unabebwa na sehemu ndogo ya ukingo. Kila akigeuka, akipiga chenga au akiruka kichwa, ukingo huo unasagika na gegedu linalika.

Kwa kijana anayeshinda mgodini akibeba mawe na jioni anavaa njumu, mzigo ni mara mbili.

Dalili zake zinadanganya: kinena kinauma baada ya mechi, nyonga inalia au kukwama, na ukikaa sana kwenye basi kuinuka ni shida.

Tatizo hili ni la nadra Afrika. Sababu moja inayotajwa na wataalamu ni mama zetu kubeba watoto mgongoni miguu ikiwa imepanuka, jambo linalosaidia kikombe kukua vizuri. Kwa kuwa ni nadra, ni rahisi kulipita. Tena Kanda ya Ziwa ina wagonjwa wengi wa selimundu, nao wanaweza kuumwa nyonga kwa sababu kichwa cha mfupa kimekosa damu. Eksirei ya nyonga inasaidia kutofautisha.

Kikombe kinageuzwa

Mwaka 1984 huko Bern, Uswisi, Daktari Reinhold Ganz na wenzake walianza upasuaji wa kukata mfupa unaozunguka kikombe, kukigeuza kifunike kichwa cha paja, kisha kukikaza kwa skrubu. Siku hizi wapo madaktari wanaoufanya kwa mkato mfupi bila kukata misuli mikubwa, hivyo maumivu na damu inayopotea vinapungua.

Usichanganye na upasuaji wa matundu kwa kamera. Huo unashona ukingo uliochanika, lakini kikombe kikiwa kifupi mno, matundu peke yake hayatoshi, na nyonga inaweza kulegea zaidi.

Baada ya kugeuziwa kikombe, mchezaji hutembelea magongo kwa wiki kadhaa. Kurudi uwanjani huchukua miezi sita hadi mwaka, na si wote wanaorudi kwenye kiwango chao.

Sharti kubwa ni kuwahi. Gegedu likishaisha, kugeuza kikombe hakusaidii tena, inabaki nyonga ya bandia. Kwa mwenye miaka 25, hiyo ina maana huenda ikabidi ibadilishwe tena mbele ya safari.

Kwa hiyo kinena kinachorudi kuuma kila baada ya mapumziko kipigwe picha kabla ya sindano nyingine. Anza hospitali ya rufaa ya mkoa. Ikibidi, utaelekezwa Bugando jijini Mwanza au MOI, Dar es Salaam. Kukosa ndondo moja si hasara kama kupoteza nyonga.